Presha ya Kisarawe

Mume wangu ana presha mbili. Ya Picha ya Ndege, Kibaha, tunakoishi, wastani wake ni 157 kwa 96. Ya Kisarawe, anakokwenda kila Jumamosi kulala shambani usiku mmoja, ni 131 kwa 82. Mtu ni yuleyule na vidonge ni vilevile. Niligundua jambo hili Jumapili moja alasiri, nimekaa sebuleni na kompyuta mapajani, na tangu dakika ile nimeshindwa kuitazama Kisarawe kama wilaya. Naitazama kama mwanamke.

Nieleze ilivyoanza. Miaka miwili kabla ya Jumapili hiyo, mume wangu aliona giza akiwa kazini. Ni msimamizi wa ghala katika kiwanda kimoja Zegereni. Wenzake walimkalisha juu ya magunia, wakampepea kwa kipande cha boksi, kisha wakamleta hospitali. Alipotoka huko alikuwa na karatasi ya dawa na agizo: anunue mashine ya presha, apime nyumbani kila siku, aandike kwenye daftari, alete daftari kliniki.

Daftari alilianza vizuri. Wiki ya tatu nililifungua nikakuta presha ya Jumatatu, chini yake idadi ya mabati, chini yake namba ya simu ya fundi, na chini kabisa namba 162 peke yake, bila tarehe, isiyojulikana kama ni presha au ni matofali.

Mimi nafanya kazi masijala. Kwa miaka ishirini na mbili nimefungua majalada, nimeyapa namba, nimeandika nani kayachukua na kayarudisha lini. Bosi akiuliza barua iko wapi, jibu "nadhani" halikubaliki. Kwa hiyo namba ile isiyo na tarehe ilinikera kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hiyohiyo nilifungua lahajedwali kwenye kompyuta, nikaweka safu: tarehe, saa, ya juu, ya chini, mapigo, dawa, maelezo. Nikaamuru kila namba ya juu inayopita 140 ijipake nyekundu yenyewe. Baada ya mwezi jedwali lilikuwa jekundu kama meza ya muuza nyanya.

Kazi ya kupima niliichukua mimi. Mume wangu hushuka barabarani karibu saa kumi na mbili jioni, akatembea mpaka kwetu. Mimi humngoja mlangoni. Nampa pole ya kazi, napokea mfuko, namkalisha kwenye kochi, nafunga mkanda mkononi, nabonyeza. Mashine inapovuma mimi nampa habari za siku, kwa sababu ndio wakati pekee ambao hawezi kuondoka: maji hayajatoka siku ya tatu, binti yetu kapiga simu kutoka chuoni, jirani kajenga ukuta umeingia kwetu nusu hatua. Mashine ikilia, nasoma namba, naingiza.

Kliniki nilikwenda naye na karatasi zilizochapwa. Daktari alikuwa kijana, mpole, wa umri wa watoto wa dada yangu. Alipitisha kidole kwenye safu zangu akatikisa kichwa kwa mshangao. "Shikamoo mama," alinisalimia mara ya pili, kama vile ya kwanza haikutosha. "Wagonjwa wangu wote wangekuwa na mke kama wewe, ningemaliza kazi saa nne asubuhi." Kisha, kwa kuwa nyekundu ilikuwa nyingi, akaongeza kidonge cha pili. Nilitembea na sifa ile wiki nzima. Kidonge sikukifikiria.

Kisarawe ilikuwa ndani ya jedwali tangu mwanzo, ila haikuwa na jina. Mume wangu ni Mzaramo wa huko, na mjomba wake alipofariki alimwachia shamba la mikorosho na mihogo pamoja na nyumba ya vyumba viwili isiyo na madirisha. Kila Jumapili jioni alirudi na mfuko wa mihogo na kikaratasi chenye namba. Nilimuuliza mara moja tu, miezi mingi nyuma, huwa anapima wapi. Alisema, "Pale, kwa mtu." Nikadhani duka la dawa. Nikaingiza namba, nikaweka kikaratasi kwenye bahasha, nikamenya mihogo.

Jumapili ile nilikuwa najifunza kuchora grafu. Nilitaka daktari aone mstari badala ya kusoma safu. Mstari ulipotokea, ulikuwa na meno: siku sita juu, siku ya saba unaanguka, siku sita juu, unaanguka tena. Nilijua nimekosea kuingiza. Nikatoa bahasha ya vikaratasi, nikahakiki kimoja kimoja. Sikuwa nimekosea hata kimoja. Basi nikaongeza safu mpya, nikaiita "Mahali," nikajaza miezi yote ishirini na mitatu, nikapanga jedwali zima kwa safu hiyo. Kisarawe ilipanda juu yote kwa pamoja, na hapakuwa na nyekundu hata mstari mmoja.

Ndipo nikavitazama vikaratasi vyenyewe na si namba zake. Mume wangu huandika saba kama fimbo iliyopinda. Saba za kwenye vikaratasi zote zilikuwa na mstari katikati, kama zimefungwa mkanda. Nane za humo zilikuwa miviringo miwili iliyokaa sawasawa. Vikaratasi vyenyewe vimekatwa kwa mkasi, ukubwa mmoja, kutoka nyuma ya kalenda. Muuza dawa hakati karatasi kwa mkasi. Huyu alikuwa mtu mwenye utaratibu, na utaratibu huo aliutumia kwa mume wangu.

Kesho yake ofisini nilimwonyesha grafu mwenzangu wa meza ya pili, dada ambaye ana maneno kuliko majalada. Nilimwambia ni ya mgonjwa fulani. Aliitazama, akasogeza miwani.

"Huyu mgonjwa fulani ameoa?"

"Ameoa."

"Na mkewe anakaa upande gani, huu wa milima au huu wa mabonde?"

Nikaonyesha milima.

"Dada yangu," alisema, akanigonga bega na rula, "hiyo si presha. Hiyo ni ramani ya nyumba ndogo."

Nilicheka. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka nilipoitwa.

Sikumuuliza mume wangu. Nimeshuhudia masijala watu wakiulizwa maswali ya moja kwa moja, na nimeona kinachotoka: "Sikumbuki," "Labda," "Pale, kwa mtu." Nilifikiri njia bora ni swali liulizwe na mwingine mbele yangu. Kliniki ilikuwa wiki iliyofuata. Nilichapa jedwali likiwa limepangwa kwa mahali, Picha ya Ndege kurasa tisa, Kisarawe ukurasa mmoja na nusu, na grafu juu. Daktari angeuliza, "Mzee, huko Kisarawe kuna nini?" Mume wangu angelazimika kujibu, na mimi ningekuwa nimekaa pembeni, mikono juu ya mkoba, namtazama usoni.

Daktari alitazama. Akageuza. Akarudi kwenye grafu. Kisha akacheka kwa furaha ya kweli.

"Mzee, wewe Kisarawe huna presha!"

"Nina shamba huko," mume wangu alisema.

"Basi shamba hilo ni dawa. Unastaafu lini?"

"Juni."

"Kaa huko huko, mzee wangu. Pumzika, lima kidogo, kula mihogo yako. Mama amekufanyia utafiti mzuri sana. Namba hazidanganyi."

Njia nzima ya kurudi mume wangu alikuwa mwepesi kama mtu aliyeachiwa na mahakama. Tulipokaribia nyumbani alisema, bila kunitazama, kwamba amekuwa akifikiri. Mkataba wake ukiisha Juni, atahamia shamba. Mimi bado nina miaka sita kazini. Nitakuwa nakwenda mwisho wa wiki, au yeye atakuwa anakuja. "Daktari amesema," alimalizia. "Na wewe mwenyewe umeandika."

Kwa hiyo nilikuwa nimeandaa jalada la mume wangu kuniacha, nikalipa namba za kurasa, nikalipeleka kwa mkono wangu.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia nakwenda naye. Alisema sawa haraka mno. Tulizunguka Dar kama kawaida ya safari hiyo, tukashika njia ya Pugu, gari likapanda mlima, hewa ikabadilika. Hilo nalikubali: hewa ilibadilika. Kutoka stendi tulitembea nusu saa. Shamba la mjomba lilikuwa upande wa kushoto, na nyumba yake tupu, matundu ya madirisha yamezibwa kwa mabati. Mume wangu hakugeuka kuelekea huko. Aliendelea mpaka kwenye nyumba ya pili, yenye baraza iliyofagiliwa kwa mistari.

"Hodi," alisema, akiwa tayari amevua viatu.

"Karibu mume wangu," ilijibu sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Alitoka akifunga khanga. Umri wake kama miaka sitini na kidogo, mrefu, mgongo umenyooka. Aliponiona alisimama, akaweka mkono kiunoni.

"He! Leo umekuja na mzigo."

Nilimjua. Ni binti wa huyo mjomba, binamu wa mume wangu, mjane, muuguzi mstaafu aliyefanya kazi mikoani karibu maisha yake yote. Kwenye harusi yetu hakuwepo. Tulikutana mara mbili msibani. Nilichokuwa sijui ni kwamba amerudi kukaa nyumbani kwao, wala kwamba "mtu" ni yeye. Na nilikuwa nimewahi kusikia, kutoka kwa shangazi mmoja asiye na breki, kwamba wazee walikuwa wamempangia yeye mume wangu kabla yangu, kama ilivyo desturi yao kwa binamu wa aina hiyo.

"Shikamoo wifi," nilisema.

"Marahaba, Mnyamwezi wa watu! Umekuja kwa miguu kama babu zako? Pembe umeziweka wapi?"

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mtani anaweza kukutania mbele ya maiti, anaweza kuchukua sufuria yako jikoni na kuondoka nayo. Huruhusiwi kununa. Ukinuna umeshindwa wewe na kabila lako.

"Pembe tulizileta Pwani zamani," nilijibu. "Mkazichezea ngoma zikaisha."

Alicheka mpaka akajishika ukuta. Kisha akamgeukia mume wangu, na sauti ikawa nyingine, ya wodini. "Haya. Kajisaidie kwanza, kisha uje ukae."

Mume wangu alikwenda. Hakusema "ngoja kidogo," hakusema "kwani lazima." Nyumbani kwangu kumwambia asogeze kiatu kunahitaji maombi mawili.

Aliporudi alikaa kwenye kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, kimewekwa ukutani. Miguu chini, bapa. Mkono juu ya meza, chini yake mto mdogo ulioshonwa kwa kitenge, ukiuinua mkono hadi usawa wa kifua. Mto huo ulikuwa wa kipimo chake. Niliutazama kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote mle ndani. Mtu alikuwa amekaa chini, akashona mto kwa ajili ya mkono wa mume wangu.

Mkanda ulikuwa haujafungwa bado. Wifi alivuta beseni, akaanza kumenya mihogo. Nikaona nianze mazungumzo, kama mgeni mwenye adabu.

"Wifi, huku pamependeza, mara ya mwisho—"

Aliinua kisu, taratibu. "Mtani. Huku kwanza tunanyamaza."

Tukanyamaza. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Zilipita dakika saba. Maganda yalianguka kwenye beseni. Jogoo alipita barazani akatazama ndani akaondoka. Mume wangu alikuwa ametazama mlangoni, kwenye mikorosho, na uso wake ulikuwa umeshuka, mabega yameshuka, mdomo umelegea kidogo. Ulikuwa uso wa kwenye picha yetu ya harusi, kabla mpiga picha hajamwambia atabasamu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na saba, nikaja kuuona uso huo sebuleni kwa mwanamke mwingine, katikati ya maganda ya mihogo.

Kama ningewakuta wanacheka, ningejua la kufanya. Kunyamaza pamoja namna ile, watu wawili wasio na haja ya kusema, kulinichoma zaidi.

Ndipo wifi akafunga mkanda. 129 kwa 80, mapigo 67. Aliandika kwenye kikaratasi cha kalenda, na saba yake ikapata mstari wake.

"Na kwako unampimaje, wifi?"

Nikaeleza. Nilianza kwa fahari, kwa sababu jedwali langu nilikuwa bado naliamini.

"Akifika tu?"

"Akifika tu, ili nisisahau."

"Na jasho lake la barabarani?"

"Na jasho lake."

"Kwenye kochi lile la kuzama?"

"Ndilo tulilonalo."

"Na wewe unakuwa umenyamaza."

Mume wangu alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa jibu kamili.

"Mtani," wifi alisema, akiweka kisu chini, "wewe hupimi presha. Wewe unapima habari za mtaa."

Walicheka wote wawili. Na mimi nilicheka, kwa sababu sheria ya utani ni hiyo.

Baadaye mume wangu alikwenda kukagua mikorosho, mimi na wifi tukabaki jikoni. Utani uliisha kama mtu amezima redio. Alinieleza kama anavyoelezwa mwanafunzi wa uuguzi: mtu aliyetoka kutembea, mwenye haja ndogo, anayezungumzishwa, mkono unaning'inia, namba yake inapanda, na si namba ya kupangia dawa. Kisha akauliza kidonge cha pili alianza lini.

"Mwaka jana."

Alisuuza mihogo mara ya pili, ingawa ilikuwa safi. Afadhali angenitukana.

Nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. "Wifi, wewe na yeye ilikuwaje zamani?"

Utani ukarudi machoni pake, mara moja. "Wazee walinipa mimi. Mimi ndiye niliyekataa. Alikuwa mwembamba, nikasema huyu upepo wa Pugu utampeperusha, nitakuwa namtafuta hadi msitu wa Kazimzumbwi. Wewe umemlisha miaka yote hii, amenona. Sasa namtaka." Akacheka, akanipiga kofi pajani kwa mkono wenye maji. "Usiogope, Mnyamwezi. Atakuja Juni, atakuwa hapo kwake. Madirisha tumeshapima."

Tumeshapima. Nilisafiri na neno hilo mpaka Kibaha. Mtani husema lolote, na lolote anaweza kuwa analimaanisha. Utani ulinizuia kununa, na ulimzuia pia yeye kunihakikishia. Hata angeniapia, ningesikia ni utani mwingine.

Jumatatu nilihamisha kiti cha mezani nikakiweka ukutani. Nilikunja blanketi, nikapata kimo cha mto. Mume wangu alipofika nilimpokea mfuko, nikampa maji, nikamwonyesha choo, nikamkalisha, nikakaa mbele yake nikafunga mdomo.

Dakika ya nne alisema, "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Umenuna."

"Napima. Nyamaza."

Siku za kwanza ukimya wetu ulimpandisha badala ya kumshusha; alikuwa anasubiri msiba. Wiki ya pili alizoea. Wiki ya tatu aliketi mwenyewe bila kuambiwa, na mimi nikagundua mambo ambayo maneno yangu yalikuwa yameyafunika: kwamba huvua saa kabla ya kukaa, kwamba goti la kushoto linamuuma, kwamba malori ya barabara kuu yanasikika mpaka kwetu kama yanapita chumba cha pili. Habari za siku nilizishikilia mpaka baada ya chakula, na nyingine nilipozifikia zilikuwa zimeshakufa zenyewe.

Namba zilishuka. Wastani wa wiki tatu ulikuwa 144 kwa 88. Niliichora grafu upya. Milima ikawa vilima. Nilimwita aje aone, na hapo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea: alivuta kiti, akaomba miwani yangu, akasoma jedwali mwenyewe, safu kwa safu.

"Zimeshuka," alisema.

"Zimeshuka sana."

"Ila si kama za kule." Aliweka kidole kwenye Kisarawe. "Hapa pamebaki kumi na tatu."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeondoa jasho, kochi, mdomo wangu, na bado kati ya nyumba zetu mbili palikuwa na kumi na tatu. Niliorodhesha sababu kwenye safu ya maelezo. Hewa ya mlimani. Malori. Kwamba Kisarawe huenda Jumamosi, siku asiyokwenda kazini, na mimi nampima siku za kazi, au Jumapili akitoka safari. Nikampima Jumapili mbili alizobaki nyumbani, ikashuka kidogo, ikabaki kumi. Kila sababu niliyoitoa ilimega mbili, tatu. Kilichobaki nilikuwa na jina lake, ila sikuliandika. Lahajedwali haina safu ya kuweka mto wa kitenge.

Nilimweleza daktari kwamba vipimo vyangu vya awali vilikuwa na kasoro. Nilikwenda peke yangu, saa ya chakula cha mchana. Ilikuwa vigumu kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimezoea kuwa mke wa mfano. Alinisikiliza, akasema asante mama, akasema tuendelee na njia mpya mpaka kliniki ijayo, ndipo ataamua kama kidonge cha pili kiondolewe. Kuhusu Kisarawe alisema ushauri wake ni uleule, tena sasa ana uhakika zaidi, kwa kuwa hata kwa kupima vizuri bado kule ni chini. Kliniki hiyo ni Jumanne hii inayokuja. Leo ni Alhamisi.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikwenda Kisarawe kama kawaida. Nilimfungia mkate na chai ya kwenye chupa. Nilijua angerudi Jumapili jioni na mihogo.

Alirudi Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, mikono mitupu. Aliweka kikaratasi mezani akakifunika na kopo la sukari, akaingia kuoga. Nilikitoa. Ilikuwa 158 kwa 97. Mwandiko ulikuwa wa wifi.

Niseme ukweli, kwa kuwa jedwali bila ukweli ni kazi bure: nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni. Nilisimama na kikaratasi cha ugonjwa wa mume wangu mkononi, nikafurahi kama niliyepokea zawadi. Niliingiza namba, ikajipaka nyekundu, ya kwanza kwenye kurasa za Kisarawe, na niliitazama nyekundu hiyo nikasikia njaa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Aibu ilikuja baadaye, nikiosha vyombo, na haikuiondoa furaha yote.

"Mmepima kwa kunyamaza?" nilimuuliza alipotoka.

"Kama kawaida."

"Na hukulala?"

"Nimeona nirudi."

"Wifi hajambo?"

"Hajambo."

Tangu siku hiyo hapa nyumbani ni 142, 145, 141, 143. Anakaa kwenye kiti chake, anavua saa, anatazama ukutani. Hajataja Juni, na mimi sijaitaja. Nimempigia wifi mara tatu: Jumapili, Jumatatu, na jana. Simu inaita mpaka inakatika. Nimemwandikia ujumbe wa kawaida, "Habari za huko mtani, mbona kimya," na umesomwa, haukujibiwa; kilichotokea kule Jumamosi hakuna anayeniambia.

Leo asubuhi, kabla mume wangu hajaondoka kwenda Zegereni, simu yake iliita mezani, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na sabuni alinionyesha niiweke kwenye spika. Alikuwa fundi wa madirisha wa Kisarawe. Alisema fremu ziko tayari, anataka kujua kama azipeleke azifunge. Mume wangu alifuta mikono kwa taulo, taratibu, kidole kwa kidole, akamwambia asubiri, atamjulisha.